Tadbiri ya Kujifunza Kompyuta za Wingu Kando ya Ziwa Mweru

Mvuvi wa kisiwa cha Kilwa, katika Ziwa Mweru, anapouza magunia yake ya chisense, yaani dagaa wa ziwa hilo, kwa mchuuzi aliyevuka kutoka Nchelenge, na akalipwa kwa simu badala ya noti, fedha ile haimo ndani ya simu yake, wala haimo katika mnara unaopeleka habari, wala haimo katika kibanda cha wakala atakayempa kwacha taslimu kesho. Imo katika daftari linaloandikwa na kompyuta ambazo yeye hakupata kuziona, zilizofungiwa katika majumba ya baridi yenye ulinzi, mbali naye kwa mwendo wa siku nyingi. Jambo hili si geni katika nchi zetu. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007 iliwastaajabisha walimwengu, walakini kwa miaka mingi kompyuta zilizoshika hesabu zake zilikaa Ujerumani, na hazikuhamishiwa Kenya mpaka mwaka 2015. Na mama wa Kisumu aliyekuwa akimpelekea mwanawe shilingi mia tano hakuhisi tofauti yoyote, ama kabla ya uhamisho ule, ama baada yake.

Huduma ya namna hiyo, kompyuta za mbali zikikodishwa kwa yeyote azitakaye, ndiyo iitwayo kompyuta za wingu, na asili yake ni ijara. Mwenye mihogo michache hanunui mashine ya kusagia. Huipeleka kwa mwenye mashine, akalipa kwa debe, na shughuli ikaisha. Profesa John McCarthy wa Marekani alikwisha kunena mwaka 1961, katika sherehe za miaka mia za chuo cha MIT, kwamba huenda siku moja nguvu za kompyuta zikatolewa kwa umma kama simu zinavyotolewa. Na nusu karne baadaye, mwezi Septemba 2011, Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya nchi hiyo ilitoa fasili ambayo hata leo hushikwa na wenye ilimu hii: kwamba mpangaji ajihudumie mwenyewe bila kumpigia mtu magoti, kwamba huduma ipatikane kwa njia ya mtandao, kwamba mitambo ishirikiwe na wengi, kwamba iongezwe na kupunguzwa upesi kwa kadiri ya haja, na kwamba matumizi yapimwe ili kila mtu alipe alichokitumia. Mpimo huo wa mwisho ndio wenye kunong'onezwa katika masomo, na ndio wenye kupiga kelele siku ya kulipa, nami nitaurudia kwa urefu.

Wako vijana wa Afrika wanaodhani kwamba sanaa hii ni ya watu wa mbali, na kwamba sisi tumealikwa kama wageni wa mwisho karamuni. Tarehe za mambo zinawakanusha. Kampuni ya Amazon ilianza kuuza nafasi ya kuhifadhia data tarehe 14 Machi 2006, na mwezi Agosti wa mwaka huohuo ikatoa kwa majaribio huduma ya kukodisha kompyuta kwa saa. Na huduma hii ya pili, ambayo ni uti wa mgongo wa biashara yote iliyofuata, ilijengwa Cape Town, kwa kuwa mhandisi Chris Pinkham alitaka kurejea kwao Afrika Kusini, na wakubwa wake wakaona ni heri wamfungulie ofisi huko kuliko kumpoteza. Ajabu iliyopo ni kwamba majumba yenyewe ya kompyuta yalikawia: Microsoft ilifungua yake Afrika Kusini mwezi Machi 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwezi Aprili 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwezi Januari 2024. Kutoka Nchelenge hadi Johannesburg ni takriban kilometa 1,900 kwa mstari ulionyooka, masafa ambayo nuru ndani ya waya wa kioo huyakata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Umbali, basi, si kizuizi tena. Vizuizi ni vingine, na anayepanga kujifunza bila ya kuvitazama usoni hupanga safari ya mtu mwingine.

Na tuitazame nchi yenyewe. Nchelenge iko katika Jimbo la Luapula, kaskazini ya Zambia, ikishikana na mji wa Kashikishi katika ufuko wa mashariki ya ziwa. Ng'ambo ni Kongo, ambako pana mji mwingine uitwao Kilwa. Na kisiwa cha Kilwa kimekaa majini kati ya dola hizo mbili, kikiwa upande wa Zambia. Lugha ya watu wengi ni Kibemba, lakini Kiswahili hakikuingia jana: misafara ya pwani ilifika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, katika karne ya 19, na msafiri Livingstone alipokuja pande hizo mwezi Novemba 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Hadi leo wachuuzi wavukao ziwa huja na Kiswahili chao cha Katanga pamoja na bidhaa zao. Msomaji wa Mombasa au wa Ujiji atayafahamu mazingira haya upesi: uvuvi, biashara ndogo, mtandao wa simu unaokuja na kuondoka, na vijana waliomaliza sekondari wakiwa na akili nyingi na kazi chache.

Kijana wa namna hiyo akiuliza aanzie wapi, aghalabu huambiwa mambo mawili: atazame masomo ya video, kisha afanye mtihani wa cheti. Mimi naona nasaha hii imepinduka kichwa chini. Somo la video la saa moja hula megabaiti mia kadhaa za bando, na mwalimu aliye ndani yake, kwa ustadi wake wote, hufundisha kana kwamba umeme haukatiki duniani; na cheti cha kwanza cha Amazon, chenye maswali 65 ya dakika 90, hugharimu dola 100 za Kimarekani, fedha ambayo katika ufuko wa Mweru ni mtaji wa kazi. Tadbiri iliyo sawa huanza na kilicho adimu. Hapa kilicho adimu ni umeme, bando na dola. Kilicho tele ni muda, hususa katika miezi fulani.

Miezi hiyo imewekwa na sheria. Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Mweru ikiwamo, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa. Kwa familia nyingi hiyo ni miezi ya dhiki, wala sitaki kuipamba. Walakini kwa mwanafunzi ni muhula ambao hakuna chuo kilichompangia. Ila sharti akumbuke kwamba ni miezi ya masika pia, jua huwa dhaifu, na paneli za umeme wa jua hazitoi kama zitoavyo Agosti. Hata penye waya wa umeme hapana amani kamili, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Zambia hutokana na nguvu za maji, na ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa mwezi Februari 2024 ulilishusha Ziwa Kariba hata watu wakakaa gizani saa nyingi za kila siku. Kwa hiyo hesabu ifanywe mapema: kompyuta mpakato ya kawaida hula wati 30 hadi 50, betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife kabla ya wakati wake, hutoa takriban wati-saa 600, nazo ni saa 12 za kazi hata kwa wati 50. Vijana watatu wakishirikiana betri moja, kila mmoja amepata saa nne, na saa nne zinatosha kwa siku.

Lililo muhimu kupita yote, na ambalo huwashangaza wengi, ni kwamba sehemu kubwa ya elimu ya wingu hujifunzwa pasipo wingu na pasipo intaneti. Kompyuta nyingi za kukodishwa duniani huendeshwa na Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 na kutolewa bure kwa kila mtu. Na mojawapo ya namna zake zinazotumiwa mno, Ubuntu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Faili lake la kusimika lina gigabaiti kadhaa. Hupakuliwa mara moja, usiku ambao bando ni rahisi, au hunakiliwa kutoka kwa rafiki aliyetoka Mansa au Lusaka na flashi mfukoni, na tangu hapo mwanafunzi ana chuo kizima mezani pake, kwa kuwa ndani yake mna vitabu vya maelezo ya karibu kila amri, vinavyosomeka bila hata alama moja ya mtandao.

Kisha na asimike programu ya bure kama VirtualBox, ambayo huifanya kompyuta moja ijifanye kuwa mbili au tatu. Hapo ndipo siri ya wingu inapofunuka, kwani matajiri wa Johannesburg nao hawafanyi jambo jingine: huchukua mtambo mmoja mkubwa, wakaugawa kwa programu kuwa mashine nyingi za kuiga, kila mpangaji akadhani anakaa nyumba yake peke yake. Mwanafunzi aziwashe mashine mbili, azipe anwani, aziamuru zizungumze, azikate mawasiliano kwa makusudi, kisha atafute kilichoharibika. Ajue faili hukaa wapi, nani ana idhini ya kulisoma, programu huwashwaje na huzimwaje, na kumbukumbu za matukio husomwaje pindi mambo yanapokwenda mrama. Asiye na kompyuta asikate tamaa: programu ya Termux huwezesha kuandika amri za Linux katika simu ya Android, na ingawa vidole hutaabika, amri ni zilezile.

Nimekawia hapa kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopita mbio. Mtu aliyekariri majina ya huduma mia za Amazon, lakini hajui kwa nini kompyuta moja haiisikii nyingine, ni kama karani anayejua rangi za majalada yote na hajui kusoma. Kwa yule aliyezoea amri za maandishi, faida nyingine inamngoja: SSH, njia ya siri ya kuongoza kompyuta ya mbali iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Finland, hupeleka herufi tu, na herufi ni nyepesi. Kwa bando ambalo lingekwisha katika somo moja la video, mtu aweza kufanya kazi kwa wiki kadhaa katika seva, yaani kompyuta ya kukodi, iliyoko Cape Town.

Baada ya msingi huo, aingie katika kazi moja ya kweli, isiyo ya kitabuni. Mathalan daftari la mchuuzi wa chisense: tarehe, jina la mvuvi, idadi ya magunia, bei, na deni lililobaki. Mwanzo na liwe faili la maandishi matupu, ambalo amri za Linux zitalipanga na kulijumlisha. Kisha ajifunze lugha ya programu ya Python kiasi cha kuandika programu fupi ya kuliandika na kulisahihisha. Kisha alihamishie katika SQLite, hifadhidata ya bure inayokaa katika faili moja, ambayo tayari imo ndani ya kila simu ya Android. Mpaka hapo hajalipa hata ngwee kwa mwenye wingu. Ila sasa mchuuzi anataka nduguye aliye Kashikishi aone hesabu ileile aionayo yeye kisiwani. Na ndipo haja ya seva ya mbali inapozaliwa yenyewe, si kwa sababu somo la tano limesema hivyo, bali kwa sababu biashara imeidai.

Na hapo mwanafunzi wa Mweru hukutana na swali ambalo wenzake wa miji mikuu hulikwepa kwa miaka: je, mtandao ukikatika magunia yakiwa yanapimwa? Sharti programu iandike papo hapo katika simu, na ipeleke habari itakapopata mawimbi, bila ya kupoteza wala kurudia. Mafundi wa kampuni kubwa husumbuka na fumbo hili, na anayelitatua ufukoni amepata ujuzi unaouzika mahali popote.

Daftari la watu ni amana. Katika biashara hii mwenye majumba huwajibika kwa majumba yake na mitambo yake, lakini data na funguo ni dhima ya mpangaji. Kila mtu apewe idhini kwa kadiri ya kazi yake, asipewe zaidi. Akaunti kuu ilindwe kwa nywila ndefu pamoja na uthibitisho wa pili. Na nakala ya akiba iwekwe mahali pengine, kwa bwana mwingine ikiwezekana. Mwezi Mei 2024 mifumo ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ilifutwa katika wingu la Google kwa kosa la upangaji, na huduma ikalala siku nyingi. Na katika yaliyowaokoa ni nakala walizokuwa wameziweka kwa mtoa huduma mwingine. Fauka ya hayo iko sheria: Zambia ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2021, na sheria hiyo inataka data nyeti za watu zihifadhiwe katika seva zilizomo nchini. Mwanafunzi anayetaka kujizoeza kwa kumbukumbu za zahanati na atumie majina ya kubuni, asiguse ya wagonjwa wa kweli hata kwa mzaha.

Sasa ule mpimo. Wenye wingu huwavuta wageni kwa zawadi: Google hutoa dola 300 za kutumia kwa siku 90, Microsoft dola 200 za kutumia kwa siku 30, na masharti ya Amazon yalibadilika mwezi Julai 2025, hivyo yasomwe upya na kila anayejiunga, asitegemee alichoambiwa na kaka yake. Aghalabu huhitajiwa kadi ya benki yenye kukubalika kimataifa, na kadi ikishaandikishwa mlango wa deni umefunguliwa. Kuizima kompyuta ya kukodi si kuirudisha: nafasi yake ya kuhifadhia huendelea kulipiwa, na tangu tarehe 1 Februari 2024 Amazon hutoza nusu senti ya dola kwa kila saa kwa kila anwani ya mtandao (IPv4) ya hadharani, ambayo kwa mwezi wa siku 30 ni dola 3 na senti 60. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kimewaamsha watu wengi usingizini. Hatari iliyo kubwa zaidi ni funguo za akaunti: mwanafunzi akiziacha ndani ya programu yake na kuiweka hadharani, wezi wenye roboti za kupekua kurasa zote huzinasa kwa dakika chache, wakakodi mitambo kwa jina lake na kumwachia deni la maelfu. Kwa hiyo kazi ya siku ya kwanza katika wingu, kabla ya kuwasha mashine yoyote, ni kuweka kengele ya matumizi itakayomwita gharama ikifika dola moja. Na kazi ya kila jioni ni kufuta alichokijenga mchana. Kufuta na kujenga upya ni mafunzo yenyewe, na atakayechoka kujenga kwa mkono atajionea kwa nini mafundi huyaandika maagizo ya ujenzi katika faili, kompyuta ikajenga peke yake.

Cheti kije baada ya hayo, ikiwa kuna mwajiri anayekidai au mfadhili wa kukilipia. Nacho huchakaa: vyeti vya Amazon hudumu miaka mitatu, ingawa vile vya msingi vya Microsoft havina mwisho. Kuhusu ajira nitasema kweli ilivyo. Kazi ya wingu kwa mtu asiyepata kutunza chochote ni nadra, hata Nairobi. Mlango wa kwanza huwa ni utunzaji wa mifumo iliyopo: hesabu za vyama vya ushirika, shule, maduka, na hasa afya, kwa kuwa mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, uliotokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini mwaka 1994 na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hutumiwa Zambia, Tanzania, Uganda na Kenya, na Kenya ilipoueneza nchi nzima mwaka 2011 iliuweka katika seva ya wingu, wilaya zikaingiza takwimu zao kwa modemu za simu. Kila nchi kati ya hizi inahitaji watu wa kuitunza kazi hiyo, na si wote walioko katika miji mikuu.

Yapo mambo ambayo mwanzilishi atayasikia yakitajwa kwa heshima kubwa, kama Docker, Kubernetes na mashine zenye kujifunza. Na yangoje. Mwaka wa kwanza una Linux, mtandao, Python, daftari moja na kengele moja, na huo ni mwaka uliojaa.

Walimu wa sekondari za Nchelenge, na wenyeji wa huko waliojaaliwa kazi Lusaka, Ndola au Lubumbashi, nawaomba jambo lisilo ghali. Uvuvi hufungwa tarehe 1 Desemba. Kabla ya siku hiyo, pelekeni flashi moja yenye Ubuntu, VirtualBox na vitabu vya Python, pamoja na kompyuta yoyote kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, mkawakabidhi vijana watatu waliokubali kufanya kazi pamoja.